HABIB SWALEH: SHARIFU ALIYEKETI NA WATUMWA



Ukikaa barazani hapa Lamu baada ya tarawehe, sikiliza watu wanavyomtaja mtu. Jina lake peke yake halitoshi. Itaulizwa ni wa nani, babake alitoka wapi, kwao mama ni wapi. Aliyetoka bara ataitwa mkuja hata kama amezaliwa papa hapa na Kiswahili chake ni kile kile chako. Mwingine atasemwa kwa sauti ya chini, eti babu yake alikuwa mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana. Na haya tunayasema huku tumefunga! Hivyo nimeona nikueleze maisha ya mtu ambaye jina lake unalijua tangu utotoni, lakini huenda hukuambiwa kwa nini wakubwa wa mji huu walimwona ni balaa.

Sayyid Swaleh bin Alwy Jamalilleyl alizaliwa Ngazija, katika visiwa vya Komoro, katikati ya karne ya 19. Ukoo wao ni wa masharifu waliotoka Hadhramaut, wakakaa Pate, kisha tawi lao likaenda Ngazija. Kwa hiyo alipokuja Lamu akiwa kijana, kwa jamaa zake, alikuwa mgeni na si mgeni. Alisoma kwa wanavyuoni wa hapa, mmoja wao Sayyid Mansab, aliyekuwa bingwa wa elimu na wa tungo za Kiswahili. Mpaka hapo hakuna aliyelalamika. Sharifu kijana, msomi, mpole, nani angemkataa?

Sasa hebu ufikirie Lamu ya wakati ule. Kaskazini, Mkomani, ndiko kwenye majumba ya mawe ya waungwana. Kusini, Langoni, ni vibanda vya udongo na makuti, makazi ya Wangazija, Wahadhrami maskini, Wabajuni, watumwa na walioachwa huru. Mashamba ya bara yalilimwa na watumwa, na mali ya mji ilitoka humo. Tofauti hii ilionekana hata mwilini: muungwana ana kilemba na viatu, mtumwa kichwa wazi na miguu mitupu. Na elimu nayo ilikuwa mali ya nyumba fulani fulani. Mtumwa alifundishwa kiasi cha kumwezesha kuswali, zaidi ya hapo aliambiwa si kazi yake.

Hapo ndipo pa kuangalia sana, ndugu yangu. Watu hawa wote walikuwa Waislamu. Walikuwa wakiisoma Surat Al-Hujurat kama unavyoisoma wewe, na aya ya 13 inayotaja makabila na mataifa wakiijua kwa moyo. Kumsikia Bilal bin Rabah hadithini kuliwapendeza. Lakini Bilal wa Langoni, anayepita mlangoni na mzigo kichwani, huyo hawakumwona. Nadhani ubaguzi mwingi huwa hivyo: anayeubeba huwa ana aya ya kuukataza kifuani mwake na haumsumbui hata kidogo.

Habib Swaleh alikwenda kukaa Langoni. Hakwenda kutembelea akarudi, alihamia. Akafungua darsa, na mlangoni hakuuliza mtu ni wa nani. Akawafundisha watumwa na watoto wao, na si kusoma Qur'ani tu, bali fiqhi, nahau na tafsiri, vitu ambavyo wenyewe waliambiwa haviwahusu. Akawatibu wagonjwa wao. Akahudhuria hata ngoma zao, kama ngoma ya uta, jambo ambalo mtu wa heshima hakulifanya.

Kisha likaja suala la matari. Habib alikuwa na uhusiano na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, aliyetunga Maulidi yanayosomwa mpaka leo. Maulidi hayo Habib Swaleh akayaleta Lamu, yakasomwa kwa matari, kwa sauti ya pamoja na kwa kuyumba. Mkomani ikachafuka. Ngoma msikitini? Wako wanaopinga mpaka leo kwa hoja za kielimu, na mimi si mufti wa kuwaamulia. Ila tusijidanganye kwamba hasira ya wakati ule ilikuwa ya fiqhi peke yake. Tari lilipigwa na mkono wa mtumwa, na aliyekuwa nyuma ya safu sasa alikuwa katikati ya halka akimswalia Mtume (S.A.W.).

Karibu na mwaka 1900 msikiti wake ukasimama pale Langoni, ukapewa jina la Riyadha kwa kufuata msikiti wa mwalimu wake kule Seiyun. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, kwa amri ya Waingereza, na mabwana wakalipwa fidia. Waliokuwa watumwa hawakupewa shamba wala nyumba. Walichokuwa nacho wengi wa Langoni ni darsa ile, iliyowafungukia kabla ya sheria kuwafungulia.

Ni haki pia tuseme kilichobaki. Habib hakuuvua usharifu wake, na wanafunzi waliendelea kumbusu mkono. Hadi leo zipo nyumba za masharifu ambazo binti haozwi kwa asiyekuwa sharifu, hata awe na elimu ya namna gani, kwa hoja ya kafaa. Yaani mlango wa darsa ulifunguka mapema, mlango wa posa ukabaki na komeo. Vijana wenzangu mnaotaka kuoa mnajua ninachosema, iwe mlango wenyewe ni wa sharifu, wa Mbajuni au wa mtu wa bara.

Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, akazikwa hapa hapa Lamu. Riyadha ikaongozwa na mwanawe, Sayyid Ahmad Badawy, na wanafunzi wakaja kutoka pwani nzima ya Afrika Mashariki na bara pia, wakiwemo Wapokomo wa Mto Tana, ambao mji huu ulikuwa haujazoea kuwaita mashekhe. Kila mfungo sita, zefe la Maulidi linapokwenda ziara kaburini kwake, wajukuu wa Mkomani na wajukuu wa mashamba ya bara hupita njia moja, bega kwa bega, matari yakilia.