Miaka Kumi ya Mzee Baada ya Kiharusi

Mnamo Agosti 21, 1978, Mzee Jomo Kenyatta alifika Msambweni, jirani na hapa Munje. Alfajiri ya siku ya pili alifariki katika Ikulu ya Mombasa. Sisi walimu huwasomesha vijana safari yake ndefu: Kamau wa Ngengi wa Kiambu, ambaye mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani kwa hakika, masomo ya London, kesi ya Kapenguria, uwaziri mkuu mwaka 1963 na urais mwaka 1964. Miaka kumi ya mwisho huipita mbio, ilhali mimi naona hiyo ndiyo inayotuhusu zaidi.

Mwezi Mei 1968 Mzee alipatwa na kiharusi. Mwaka 1966 moyo ulikuwa umekwisha kumsumbua. Wakubwa walitaharuki, na mwaka huohuo wa 1968 Bunge likabadilisha katiba ili Makamu wa Rais ashike madaraka kwa siku 90 endapo kiti kingebaki wazi. Raia mwerevu angetambua kwamba pana jambo, lakini jambo lenyewe lilifunikwa. Ulipofika mwaka 1976, Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, alionya kwamba hata kuwazia kifo cha Rais ni kosa la kumponza mtu roho yake.

Mzee mwenyewe hakujifungia. Alirudi katika urais bila mpinzani mwaka 1969, na tena mwaka 1974. Alipenda kulala kwake Gatundu kuliko Ikulu ya Nairobi. Jioni, iwe ni Gatundu, Nakuru au Mombasa, aliketi na mgwisho wake akitazama ngoma na kusikiliza nyimbo za watoto wa shule. Wako walioziona ngoma hizo kuwa upotevu wa wakati wa dola. Mimi si daktari, lakini sidhani kama dawa zake zote zilimfaa kushinda hizo. Kweli, alikuwa na tabibu karibu na wasaidizi wa kumpunguzia kazi, mambo ambayo mvuvi wa Munje hana. Hata hivyo, laiti ugonjwa wake ungesemwa waziwazi, jamaa wengi wangalijua mapema kwamba aliyepigwa na kiharusi aweza kuishi miaka kumi kati ya watu, tena akiwa na la kusema.

Nasema hivi kwa sababu ya ami yangu. Alipopooza upande wa kulia, nyumbani tulisema ni pepo wa baharini. Akafukizwa na kunyweshwa kombe kabla ya kupimwa shinikizo la damu. Aliporudi kutoka hospitali tulimweka chumba cha ndani, kwa heshima, tukawakataza wajukuu wasimchoshe. Alikaa humo karibu mwaka mzima, na maneno yakazidi kumpotea kwa kukosa wa kuzungumza naye. Nami, mwalimu mzima, nilikuwa miongoni mwa waliokataza.

Wajukuu wawili ndio waliotuasi. Adhuhuri moja walimshika mikono wakamtoa hadi barazani, wakamwekea bao. Alisogeza kete kwa mkono wa kushoto, polepole, watu wakimngoja. Alifungwa mchezo wa kwanza. Akamwashiria aliyemfunga arudi kesho yake, na mapema.