Blumberg, jamaa aliyekipata kirusi cha ini bila kukitafuta

Huku Eastlands, kuanzia Kaloleni hadi Dandora, msee akivimba tumbo na macho yakageuka manjano, hukumu hutoka mapema: chang'aa imemmaliza. Hata kama hajawahi kuonja, matangani watu watanong'ona tu. Ni kweli pombe huharibu ini. Lakini kuna kirusi kinachofanya kazi hiyo hiyo polepole, miaka 20 au 30, mwenyewe akiwa hana habari. Aliyekigundua anaitwa Baruch Blumberg.

Alizaliwa Brooklyn, New York, Julai 28, 1925. Alikuwa mwanamaji wa jeshi, akaanza kusomea hesabu, kisha babake akamsukuma aende udaktari. Akiwa bado mwanafunzi alifika Suriname, Amerika Kusini, kwenye mji wa wachimba madini. Pale aliona watu wanaoishi pamoja na kuumwa na mbu wale wale, lakini hawaugui sawa. Kwa nini? Swali hilo halikumtoka maisha yake yote.

Sasa hapa Kenya inaingia. Oxford, miaka ya 1950, Blumberg alijuana na Anthony Allison, kijana aliyekulia Gilgil, yule aliyeonyesha kuwa kurithi jeni moja ya selimundu humkinga mtu dhidi ya malaria. Wawili hawa walikuja na wazo rahisi: mtu aliyeongezewa damu mara nyingi amekutana na damu za watu wengi, kwa hivyo mwili wake umejifunza kutambua vitu vigeni. Tumia damu yake kama mpelelezi.

Baadaye, Marekani, damu ya mgonjwa mmoja wa New York, ambaye damu yake haigandi, ilishika kitu ndani ya damu ya mwenyeji asilia wa Australia. Blumberg akakiita antijeni ya Australia, akatangaza mwaka 1965. Hakujua ni nini! Alidhani kinahusiana na saratani ya damu. Kisha mwaka 1967 mfanyakazi wa maabara yake alijisikia vibaya, akajipima mwenyewe, na kitu kile kikaonekana. Alikuwa na homa ya ini. Yaani kile kitu kilikuwa sehemu ya kirusi cha hepatitisi B.

Kirusi hiki hakilili ini chenyewe. Kinga ya mwili ndiyo hulishambulia ikijaribu kukifukuza, kidonda kinapona na kuacha kovu, kovu juu ya kovu, hadi ini linakuwa gumu. Hiyo ndiyo sirosisi. Damu inakosa njia, maji yanajaa tumboni, mishipa ya umio inaweza kupasuka mtu akatapika damu. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili hukishinda. Mtoto mchanga, karibu 9 kati ya 10, hubaki nacho. Kwa hivyo huyo msee mnayemsengenya huenda alikipata kabla hajajua glasi inashikwaje. Kinapita kwa mama akijifungua, kwa damu, kwa ngono, hata kwa wembe wa kinyozi uliotumiwa na mwingine. Kula sahani moja, hapana.

Blumberg na mwenzake Irving Millman walibuni chanjo mwaka 1969, wakitumia ganda la kirusi lisiloweza kuambukiza. Tuzo ya Nobel alipata 1976, na chanjo ikaidhinishwa Marekani 1981. Kenya ilianza kuwadunga watoto wote Novemba 2001. Hesabu hapo. Kama ulizaliwa Pumwani kabla ya mwezi huo, kadi yako ya kliniki ina polio, ina surua, lakini hii haimo. Mtu mzima hupimwa damu kwanza, kisha hudungwa mara tatu ndani ya miezi sita.

Uzeeni alihamia NASA kuongoza utafiti wa uhai nje ya dunia, kazi ya ajabu kwa daktari wa ini. Alifariki Aprili 5, 2011, akiwa na miaka 85, huko California, muda mfupi baada ya kuhutubia kongamano. Siku aliyozaliwa, Julai 28, ndiyo Siku ya Homa ya Ini Duniani.