Joe Strummer na Wimbo Uliomponyoka

Wengi walioucheza wimbo wa "Rock the Casbah" ulipovuma mwaka wa 1982 hawakujua kwamba mtungaji wa maneno yake alizaliwa katika nchi ya Waislamu. Joe Strummer, jina lake halisi John Graham Mellor, alizaliwa Ankara, Uturuki, tarehe 21 Agosti, 1952. Babake alikuwa mtumishi wa ubalozi wa Uingereza, na mtoto akazungushwa Cairo, Mexico na Bonn. Alipotimu miaka tisa alitiwa shule ya bweni Uingereza pamoja na kakake, David, akawa hawaoni wazazi ila kwa nadra. Mwaka wa 1970 David alijiua.

Tangu hapo kijana hakutulia. Alifanya kazi ya kuchimba makaburi huko Newport, Wales, na pia alikuwa akipiga gitaa katika stesheni za reli za chini ya ardhi mjini London apate chochote. Strummer maana yake ni mkwaruza nyuzi. Alijiita hivyo kwa kuwa hakujua kuzidonoa moja moja kama mafundi.

Bendi yake ya The 101'ers ilitolewa santuri mwaka wa 1976 na Chiswick, kampuni changa isiyokuwa chini ya tajiri yeyote mkubwa. Hapa wapenzi wa taarabu na watege sikio: Roger Armstrong, mmoja wa waanzilishi wa Chiswick, ndiye baadaye aliyeshirikiana na Ben Mandelson kuanzisha GlobeStyle, iliyotoa santuri za Ikhwani Safaa wa Unguja mwaka wa 1988, na za Maulidi Juma wa Mombasa mwaka wa 1990.

Wakati santuri ile inatoka, Strummer alikwisha hamia The Clash, bendi ya panki, muziki wa kasi na hasira. Mwaka wa 1977 walitia sahihi na CBS kwa pauni 100,000, na wenzao wakawaona wameuza utu wao. Lawama hiyo naiona ya haraka. Ni hao hao walioshikilia London Calling, santuri mbili ndani ya jalada moja, iuzwe kwa bei ya moja, na kwa Sandinista! yenye santuri tatu wakakubali kupunjika malipo yao.

Kisha ukaja huo wa Casbah. Muziki aliutunga mpiga ngoma, Topper Headon. Strummer akatia maneno, kisa cha mtawala anayepiga marufuku muziki na raia wasimtii. Kilichomchochea ni marufuku ya muziki Iran baada ya mapinduzi ya 1979. Sisi wa pwani tuna neno hapo: sharifu kwetu ni mtu wa ukoo wa Mtume, si jina la kuchezewa katika kibwagizo. Lakini aliyekejeliwa ni mwenye amri, si watu wake.

Wengine hawakuisikia tofauti hiyo. Katika vita vya Iraq vya 1991 wimbo ule ulikuwa ukipigwa katika redio ya majeshi ya Marekani, na jina lake likaandikwa juu ya bomu. Inasimuliwa kwamba Strummer alipopata habari alilia. Baada ya Septemba 2001 kampuni moja kubwa ya redio huko huko Marekani ikautia katika orodha ya nyimbo zisizofaa kupigwa.

The Clash ilikuwa imevunjika zamani, na Strummer akakaa kimya miaka mingi. Alirudi mwaka wa 1999 na The Mescaleros. Nchini Marekani alitolewa na Hellcat, kampuni ya Tim Armstrong wa bendi ya Rancid, ambayo tangu 1997 ilikuwa ikitoa Give 'Em the Boot, mikusanyo ya panki na ska ya kumwonjesha msikilizaji bendi nyingi kwa mara moja. Wimbo mmoja wa albamu yake ya mwaka huo ulikwenda kwa jina la "Yalla Yalla".

Novemba 2002 aliimba London kuwachangia wazima moto waliokuwa wamegoma. Tarehe 22 Disemba alifariki nyumbani kwake Somerset, umri miaka 50, kwa kasoro ya moyo aliyozaliwa nayo bila kujua. Miaka miwili baadaye Rachid Taha, mzaliwa wa Algeria, aliutoa upya wimbo wa Casbah, safari hii kwa Kiarabu.