David Livingstone, munganga aliyeshindwa na ugonjwa wa tumbo karibu na Sakania

Mutu akitoka Sakania na kufuata ule ulimi wa inchi ya Congo unaoingia katikati ya Zambia, akifika mwisho wake upande wa mashariki, hayuko tena mbali na kijiji cha zamani cha Chitambo. Kule, upande wa Zambia, kuna jiwe la ukumbusho lililosimamishwa mwaka wa 1902. Ndipo alipokufa David Livingstone, usiku wa kuingia tarehe 1 mwezi wa tano 1873. Wengi wanamujua kama muzungu wa safari na wa misheni. Wachache wanajua kwamba alikuwa munganga mwenye diploma, na kwamba alitoka damu tumboni hadi nguvu ikaisha, yeye ambaye miaka tisa mbele alikataa kupasuliwa.

Alizaliwa tarehe 19 mwezi wa tatu 1813 kule Blantyre, inchi ya Scotland, katika jamaa ya watu maskini. Alipofikisha miaka 10 alikuwa tayari anafanya kazi katika kiwanda cha nyuzi za pamba, na masomo aliyafanya usiku kisha kazi. Akasoma uganga kule Glasgow, akapata diploma mwaka wa 1840, na mwaka wa 1841 akafika Afrika ya Kusini. Mwaka wa 1844 simba alimushika na kumuvunja mukono wa kushoto karibu na bega. Mufupa ulijiunga vibaya. Alama ile itarudi katika habari hii.

Livingstone alitibu watu popote alipopita. Alijua kinini inasaidia mutu mwenye malaria, akatengeneza vidonge vyake mwenyewe. Ndani yake alitia kinini, lakini pia dawa za kuendesha, kama vile kalomeli, ambayo ni dawa ya zebaki. Wakati ule wanganga wengi waliamini kwamba tumbo likisafishwa kwa nguvu, ugonjwa unatoka pamoja na uchafu. Kwa malaria kinini ilisaidia kweli. Kwa mutu mwenye matumbo yenye vidonda, dawa ya kuendesha ni hatari.

Kati ya 1854 na 1856 alivuka Afrika kutoka Luanda hadi Quelimane. Kisha akaongoza safari ya muto Zambezi, na huko bibi yake Mary akakufa mwaka wa 1862. Aliporudi Uingereza mwaka wa 1864, alikuwa anateseka na bawasiri, ile wengi wanaita emoroide, na alikuwa anatoka damu. Munganga mukubwa wa upasuaji kule Edinburgh, Syme, akamushauri sana apasuliwe. Livingstone akakataa. Hakupenda magazeti yaanze kuzungumza ugonjwa wa sehemu ile ya mwili wake. Haya ikashinda shauri la munganga mwenzake.

Mwaka wa 1866 akafika Zanzibar na kuanza safari yake ya mwisho. Alitafuta mwanzo wa muto Nile. Mwezi wa kwanza 1867 wabebaji wawili wakatoroka na sanduku la dawa. Aliona palepale kwamba ni kama hukumu ya kifo imepitishwa juu yake. Hata hivyo akaendelea. Mwaka ule akafika ziwa Mweru na kwa mufalme Kazembe, karibu na muto Luapula. Mwaka wa 1868 akaona ziwa Bangweulu. Mwaka wa 1871 alikuwa Nyangwe, kando ya Lualaba, muto aliofikiri unaenda Nile, kumbe ni Congo. Njia yote aliandika homa, kuhara, na damu.

Mwezi wa 11 mwaka wa 1871 Stanley akamukuta Ujiji, akamupatia chakula na dawa, akamuomba warudi wote wawili Ulaya. Livingstone akakataa tena. Mwezi wa nane 1872 akatoka Unyanyembe, karibu na Tabora, akiwa na nia ya kuzunguka Bangweulu na kufika hadi kwenye shaba ya Katanga. Hakufika.

Mwanzo wa 1873 mvua ilikuwa nyingi, na watu wake walitembea katika maji ya mabwawa. Tarehe 10 mwezi wa ine aliandika kwamba damu ilikuwa imemutoka sana tangu mwisho wa mwezi wa tatu, na kwamba hana nguvu tena. Wenzake, kati yao Susi na Chuma, wakatengeneza kitanda cha kumubebea. Tarehe 29 wakafika kwa Chitambo. Usiku wa tarehe 30 akamuita Susi amuletee sanduku la dawa. Macho yake hayakuona tena vizuri. Akachagua kalomeli, akaomba iwekwe kando yake pamoja na kikombe cha maji. Alfajiri wakamukuta amepiga magoti karibu na kitanda, amekufa.

Kilichofuata kilifanywa na Waafrika wenyewe. Wakaamua mwili uende pwani na hadi kwao. Mumoja wao, Farijala, alikuwa ametumikia munganga Zanzibar na alijua namna mwili unavyopasuliwa. Akaufungua, Carus Farrar akamusaidia. Upande wa kushoto wa tumbo wakaona donge la damu iliyoganda, ukubwa wake kama kiganja cha mukono. Wakazika moyo na matumbo chini ya muti, Jacob Wainwright akasoma maombi na kuchora jina la marehemu kwenye muti ule. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha kwa jua siku 14, wakaufunga.

Wakabeba mzigo ule zaidi ya kilomita 1500, wakavuka Luapula. Unyanyembe wazungu waliowakuta wakawashauri wazike pale. Wakakataa. Mwezi wa pili 1874 wakafika Bagamoyo. London wanganga wakamutambua kwa ule mufupa wa mukono uliovunjwa na simba. Akazikwa katika Westminster Abbey tarehe 18 mwezi wa ine 1874.

Leo wataalamu wanataja malaria na kuhara damu, pamoja na ile damu ya miaka mingi. Lakini magonjwa ya tumbo ya namna hii hayajaisha. Amiba inaweza kula utumbo hadi utoboke. Homa ya tifoidi, inayopita kwa maji na chakula kichafu, inatoboa utumbo mwembamba, mara nyingi katika juma la tatu la ugonjwa. Apandisi inapasuka, kidonda cha tumbo kinatoboka. Uchafu unamwagika ndani ya tumbo, na ile ngozi nyembamba inayofunika matumbo inashikwa na vijidudu. Hiyo ndiyo peritoniti. Mwisho wa 2004 Kinshasa iliona wagonjwa wengi wa peritoniti, na chanzo kilikuwa tifoidi.

Alama zake si za kungojea: maumivu makali yasiyoacha, tumbo gumu kama ubao, mugonjwa anaogopa hata kukohoa, anatapika, ana homa, hewa na choo vinakataa kutoka. Hapo hakuna dawa ya kuendesha, hakuna lavema, hakuna majani ya kunywa. Mugonjwa asile wala kunywa, apelekwe haraka kwenye hospitali inayopasua. Wanganga watamutia serumu na antibiotiki, watafungua tumbo, watafunga tundu au kutoa kipande kilichooza, na kuosha ndani. Saa chache zinaweza kutenganisha uzima na kifo. Na mutu anayetoka damu kwa njia ya choo, hata bila maumivu, aonyeshe munganga bila haya.

Livingstone alikuwa na diploma, na alikosa hospitali. Lakini siku alipokuwa nayo karibu, kule Edinburgh, aliona haya. Farijala hakuwa na diploma, na ndiye aliyeona donge lile la damu, wakati halikuweza tena kutibiwa. Leo, katika eneo lile la Chitambo, kuna hospitali inayobeba jina la chifu aliyemupokea.