Bibi Salme na Mlango wa Kaka Yake



Sikukuu zikikaribia, kila mtu huwaza jamaa zake. Sisi tulikwenda kukaa siku chache Kiwengwa kwa ndugu zetu, tukachukua na kitabu cha kusoma mchana wakati wa jua kali. Kitabu chenyewe ni habari za maisha ya Seyyida Salme binti Said, alizoziandika mwenyewe. Wakati wa kurudi mjini, gari letu lilipita Mahonda, likashuka Bububu, likapita Mtoni. Mahali hapo tumepita mara nyingi bila ya kugeuza shingo, lakini safari hii tulitazama. Basi tumeona vema kuwasimulieni habari za bibi huyu, maana alibatizwa kwa desturi ya Kanisa letu la Kianglikana, na maisha yake yana la kutufundisha sisi tunaokwenda kuamkia jamaa.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, ambalo magofu yake yamo ufukoni. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyeletwa kutoka nchi ya Wacherkesi, upande wa milima ya Kaukazi. Seyyid Said alipofariki baharini mwaka 1856, aliacha watoto 36, na Salme alikuwa miongoni mwa wadogo.

Siku zile watoto wa kike wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme hakuridhika. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi, akajifunza kwa siri kuandika herufi alizoziona katika msahafu. Ilipojulikana, watu walisema sana. Yeye hakujali.

Elimu hiyo ilimtia katika mashaka upesi. Mwaka 1859 mama yake alikufa kwa kipindupindu. Mwaka huo huo Barghash, mmoja wa kaka zake, alifanya fitina ili amwondoe Seyyid Majid katika utawala. Salme alikuwa na miaka kama kumi na mitano tu, lakini kwa kuwa alijua kuandika, alifanywa mwandishi wa upande wa Barghash. Fitina ikashindwa kwa msaada wa Waingereza, naye Barghash akapelekwa Bombay. Salme alikaa mashamba, Kisimbani na Bububu. Baadaye alipatana na Majid, na kwa ajili hiyo wale wa upande wa Barghash wakamkasirikia. Tulitie jambo hili moyoni, maana kinyongo cha ndugu huanza kwa jambo la siku moja kikadumu miaka mingi.

Aliporudi kukaa mjini, jirani yake alikuwa mfanya biashara Mjerumani kutoka Hamburg, jina lake Heinrich Ruete. Wakapendana, akapata mimba. Ilikuwa hatari kubwa kwake. Mwezi wa Agosti 1866 alitoroka usiku katika manowari ya Kiingereza, Highflyer, akapelekwa Aden. Huko alimzaa mtoto wake wa kwanza, ambaye hakuishi. Alifundishwa dini ya Kikristo na kasisi Mwingereza, na mwezi wa Mei 1867 akabatizwa kwa jina la Emily, akafunga ndoa na Ruete siku ile ile. Kisha wakaenda Hamburg.

Walipata watoto watatu, Antonie, Said na Rosalie. Lakini mwaka 1870 Bwana Ruete aligongwa na tramu barabarani, akafa. Salme alikuwa na miaka ishirini na mitano, mgeni katika nchi ya baridi, na watoto wadogo mikononi. Alihama mji hata mji, akifundisha Kiarabu ili apate riziki. Katika barua zake, ambazo zilichapishwa muda mrefu baada ya kufa kwake, hafichi kwamba ubatizo ulimjia kabla imani haijapata mizizi, na kwamba katika huzuni zake alijiona yu mpweke. Sisi wa Kanisa tusiyapite maneno hayo haraka. Mtu akishabatizwa, kazi yetu haijaisha; ndiyo kwanza inaanza.

Moyo wake ulikuwa Unguja siku zote. Mwaka 1875 Barghash, ambaye sasa alikuwa ndiye Sultani, alizuru London. Salme alisafiri hadi huko ili amwone, lakini wakubwa wa Uingereza wakamzuia. Miaka kumi ikapita tena. Mwezi wa Agosti 1885 akaja Unguja pamoja na watoto wake watatu, ili wawaone jamaa zao na nchi ya mama yao.

Alikuta mambo mawili. Watu wa mjini walimkusanyikia, wakamwamkia kwa Kiswahili, lugha aliyokuwa hajaisikia karibu miaka ishirini. Lakini mlango wa kaka yake haukufunguka. Yule aliyemwandikia barua zake za siri mwaka 1859 hakukubali kumwona. Salme akaenda Mtoni kuwaonyesha watoto nyumba aliyozaliwa, akaikuta imekuwa gofu.

Tusimhukumu Barghash upesi. Dada yake alikuwa ameondoka nchini na mtu wa dini nyingine, akaiacha dini ya baba zao. Tena alikuja pamoja na manowari za Kijerumani, siku zile ambazo Bismarck alikuwa akitaka kunyakua nchi za bara, naye alidai urithi wake. Ndugu akija nyumbani na bunduki za wageni nyuma yake, ni vigumu kujua kama amekuja kuamkia au kudai. Salme mwenyewe alitumiwa na wakubwa, na walipokwisha kupata walilolitaka, wakamwacha.

Mwaka 1886 kitabu chake kilitoka Berlin kwa Kijerumani. Ndani yake ameandika habari za Mtoni, vyakula, mavazi, sikukuu, magonjwa na mazishi, mambo ambayo wageni hawakuweza kuyaona. Walakini si kila alilolisema tunaweza kulikubali. Aliutetea utumwa, kwa kuwa alikulia katika nyumba iliyohudumiwa na watumwa. Sisi tunaosali Mkunazini, ambapo Kanisa Kuu limesimama mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, tunajua uchungu wa upande wa pili, ambao yeye hakuuandika.

Mwaka 1888, Barghash alipokwisha kufa, Salme alirudi tena na binti yake Rosalie. Seyyid Khalifa naye hakumpokea. Akaenda kukaa Jaffa, kisha Beirut hata mwaka 1914, karibu na watu wa lugha ya baba yake. Alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg katika kaburi la jamaa za mumewe. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, nao ukazikwa pamoja naye.

Ndugu zetu, mchanga ule ndio ulioturudia moyoni tulipokuwa Kiwengwa, ambako watoto wanauchezea kutwa na hakuna auhesabuye kuwa ni mali. Mwenzetu mmoja aliuhifadhi miaka mingi kama hazina, kwa sababu nyumbani kwao hakukaribishwa.

Katika jamaa zetu wako waliobadili dini, wako walioolewa tusikotaka, wako waliogombana kwa ajili ya shamba au nyumba ya marehemu. Sikukuu hii huenda mmoja wao akabisha hodi. Yawezekana ana makosa, na yawezekana ana madai. Hayo yatazungumzwa baadaye, kila mtu akisema kweli yake. Kwanza tumwitikie karibu, tumpe kiti, tumpe chai. Mwenyezi Mungu, aliyetupokea sisi kabla hatujastahili, atupe moyo wa kuufungua mlango angali yu hai.