Padri Stefano Kaoze, aliyetangulia njiani

Katika yubile hii twapenda kumkumbuka Padri Stefano Kaoze, aliyezaliwa katika nchi ya Marungu, karibu na mwaka 1886. Kwao hapakuwa na mzee aliyeijua njia ya seminari, wala wa kumwambia mbele kuna nini.

Alianza kule Mpala karibu na mwaka 1899: Kilatini, Kifaransa, kisha filosofia na teolojia. Wengi katika koloni walishuku kama kijana Mwafrika aweza kufikia mwisho wa masomo hayo. Lakini Askofu Victor Roelens na Mapadri Weupe hawakumwacha njiani. Mjesuiti Arthur Vermeersch alimhimiza kuandika, na maandiko yake juu ya akili na mioyo ya Wabantu yalianza kuchapwa mwaka 1910.

Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, leo Moba, Askofu yuleyule alimwekea mikono, akawa padri wa kwanza mzalendo wa Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1920 alikwenda naye Ulaya. Baadaye yeye na mapadri wenzake Wakongo walikabidhiwa parokia ya Kala. Alifariki mwaka 1951.

Akili na bidii zilikuwa zake. Lakini safari ya miaka kumi na minane yahitaji msindikizaji.

Wakristu wenzetu, watoto wetu wanaotangulia jamaa zao kwenda universite, tusiwalipie minervali ya mwaka wa kwanza, kisha kuwasahau mwaka wa pili.