HAROLD HURST, BABA WA NILI

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Leo, wasomaji wapenzi, nawaletea maisha ya mtu aliyeifungulia daftari mali ya kwetu: maji ya ziwa letu, ambayo yakishatoka pale Jinja huitwa Nili.

Harold Edwin Hurst alizaliwa mwaka wa 1880 karibu na Leicester, Uingereza. Babake alikuwa mjenzi wa kijijini, si tajiri. Hurst aliacha shule akiwa na miaka 15, akawa anafundisha watoto mchana na kusoma jioni. Alipofika miaka 20 alipata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Oxford. Ingawa msingi wake wa hisabati ulikuwa dhaifu, alipita fizikia kwa daraja la kwanza. Si mchezo!

Mwaka wa 1906 alikwenda Misri kwa muda mfupi tu, kumbe angekaa miaka 62. Kazi yake ilikuja kuwa kuupima mto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hivyo alisafiri hadi kwenye vyanzo vya Nili kwa meli, kwa baiskeli na kwa miguu. Wamisri wakamwita Baba wa Nili.

Fumbo kubwa lilikuwa Sudd, kinamasi cha nyasi na mafunjo (togo, kama tusemavyo huku) kilichoko Sudan Kusini. Wapimaji walilinganisha maji yaingiayo Mongalla na yatokayo karibu na Malakal, wakaona karibu nusu yamepotea. Yamepaa hewani! Lakini hesabu hii haisemi kila mita ya kinamasi hupoteza kiasi gani, maana eneo lenyewe hupanuka na kupungua.

Basi mafunjo yakapandwa ndani ya tangi, maji yakapimwa kila yanapopungua. Majaribio ya kwanza yalitoa kama milimita 1,500 kwa mwaka, na ya baadaye 2,400. Mbona tofauti hivyo? Mmea usiostawi hunywa kidogo, na uliosimama peke yake hupigwa na jua na upepo kila upande. Mwaka wa 1948 Mwingereza mwingine, Howard Penman, alitoa kanuni ya kukadiria kwa jua, upepo, joto na unyevu wa hewa. Kwa kanuni hiyo Sudd ilipata karibu 2,150.

Hurst alitaka mfereji wa kukwepa kinamasi. Uchimbaji wa mfereji wa Jonglei ulianza 1978, mwaka ambao yeye alifariki, na vita vilivyozuka 1983 vikausimamisha.

Kwa maoni yangu daftari lake lilikosa safu moja. Maji yaliyoandikwa kuwa hasara kwa Misri ndiyo malisho ya ng'ombe wa Wadinka na Wanuer wakati wa kiangazi. Hata sisi wa Nyamasaria, tukisikia mtu akisema togo inakula maji bure, tumuulize: umepima vipi, na unampimia nani?